Dada Yako Anapumzika

Asubuhi ya siku ya kwanza ya likizo, meneja alitupanga mstari ukumbini na kutukagua meno. Sitanii. Alitaka kuona tabasamu, na kwake tabasamu lilikuwa meno yote ya juu na angalau manne ya chini. Ndiyo maana sisi wafanyakazi wa ile nyumba kongwe tulimwita Tabasamu, jina ambalo nasikia hata mkewe alishalizoea.

"Mgeni akivuka kizingiti, mnasemaje?"

"Karibuni nyumbani," tukaitika.

"Nyumbani kwa nani?"

"Nyumbani kwenu."

"Kwao, halafu saa kumi na moja tunawafungia nje," Kengele, muuza tiketi, alininong'oneza. Mnong'ono wa Kengele husikika hadi bustanini. Jina lile hakupewa bure. Tabasamu alimkata jicho, kisha akanijia mimi na kadi mpya mkononi, ngumu, yenye ukingo wa rangi ya dhahabu.

"Wewe ndiye wa kundi la saa nne. Ukifika chini ya ngazi, unasoma hii. Nimesema unasoma, sijasema unasimulia. Ukoo wa mwenye nyumba una watu wake kwenye kamati ya makumbusho haya, na leo wanaweza kupita saa yoyote. Ukiongeza hata nukta ya kwako, nakupumzisha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi."

Aliondoka akipiga mluzi. Nikaisoma kadi.

"Chumba cha Mapumziko," ilisema. "Humu watumishi wa nyumba walipewa nafasi ya kupumzika, wakati mwingine hata siku mbili mfululizo, jambo lisilo la kawaida kwa enzi zile."

Chumba chenyewe ni kabati lililo chini ya ngazi. Ukinyoosha mikono, inagota ukutani pande zote mbili. Mtu mzima hasimami wima humo ila akiwa mlangoni kabisa. Dirisha hakina. Kina kitundu cha hewa juu, upana wa vidole viwili, kinachotokea uani, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Mlango ni wa mbao nene kama wa ghala, na komeo lake la chuma liko nje. Nje, si ndani! Mgeni akiuliza kwa nini, tulifundishwa kujibu kwamba lilizuia mlango usipigwepigwe na upepo. Upepo gani huo unaovuma ndani ya korido, hatukufundishwa.

Mpaka juzi kilikuwa stoo ya mafagio, tukikipita bila neno. Kisha akaja mtaalamu mwenye glavu nyeupe, akakaa wiki nzima na daftari la mke wa mwenye nyumba. Bibi yule aliandika kila siku: nani kafua, nani kavunja sahani, kuku wangapi wamechinjwa. Na mara kumi na moja katika mwaka mmoja aliandika neno hilohilo. Mtunza bustani amepumzishwa. Msichana wa pasi amepumzishwa. Mtaalamu akafurahi, masikini wa Mungu, akaripoti kwamba bibi yule aliwahurumia watumishi wake kabla sheria haijamlazimisha. Kuvuka ukuta wa nyuma akawaulize watu wa mtaani hakuvuka. Angeambiwa na yeyote, hata na watoto wa watoto wao, kwamba kupumzishwa katika nyumba ile kulikuwa kusukumwa kwenye kabati lile na kushushiwa komeo. Chakula hupati, maji hupati. Ukitoka unarudi kazini.

Msichana wa pasi alikuwa shangazi yangu.

Aliunguza kola ya shati. Alikuwa na miaka kumi na sita. Alitiwa humo Jumatano asubuhi, akatolewa Ijumaa. Mama yake, yaani bibi yangu, alifariki alfajiri ya Alhamisi na akazikwa alasiri ya siku hiyo. Kaka yake, ambaye kwangu ni Baba Mkubwa, alikimbia kuja kumchukua. Alisimama uani, mlango wa jikoni, na bibi wa nyumba akatoka akamwambia: "Dada yako anapumzika. Hataki kusumbuliwa." Hakuamini. Akamwita dada yake mara tatu, kwa sauti ya kupasua koo. Kimya. Akarudi peke yake kumzika mama.

Hiyo ni miaka hamsini na minane. Katika ukoo wetu Shangazi anaitwa Mama Usingizi. Hata watoto waliozaliwa juzi wanamwita hivyo na hawajui kwa nini. Kwenye harusi anawekwa nyuma kabisa, kwenye misiba hapewi hata kazi ya kuosha vyombo. Yeye ana neno moja tu: "Niliitika." Na Baba Mkubwa ana lake: "Mwongo." Baba yangu, mdogo wao, alikufa akiwa upande wa kaka yake. Na aliyenilea mimi baada ya hapo, akanisomesha kwa kufua nguo za watu, ni Mama Usingizi huyohuyo.

Mwezi uliopita, nikifuta vumbi kabati la kioo, nililifungua lile daftari kwa mikono mitupu. Nikautafuta mwaka, nikautafuta mwezi. Jumatano, msichana wa pasi amepumzishwa. Alhamisi, bado, kaka yake amekuja na makelele, amerudishwa. Ijumaa, ametoka, amefua mapazia.

Nilikwenda kwa Baba Mkubwa jioni ileile.

"Si daftari limesema anapumzika?" alinijibu. "Hata mimi niliambiwa hivyohivyo."

"Baba Mkubwa, njoo ukione chumba. Njoo siku ya kwanza ya likizo, kundi la saa nne. Nitakueleza mbele ya watu."

"Mbele ya watu, ukiwa kazini? Haya, nitakuja. Mwite na yeye. Nyumba ile ikisema kupitia mdomo wako kwamba alifungiwa, nitasikiliza. Ikisema alipumzika, basi asikanyage hata maziko yangu."

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani wakati Tabasamu ananikabidhi kadi. Na mshahara wa nyumba ile ndio uliokuwa unanunua dawa za presha za Shangazi.

*

Saa nne kasoro walikuwa wamefika. Shangazi alikuwa mwanzo wa foleni, amevaa gauni lake la kitenge la kutokea. Baba Mkubwa alikuwa mwisho kabisa, koti limefungwa vifungo hadi kooni, mkongojo mkononi, anatazama bustani kana kwamba amekuja kuinunua. Katikati yao kulikuwa na watu kama kumi na tano. Niliwakariri kwa haraka: maharusi wapya waliokuwa wakipiga picha hata kitasa, mwalimu mstaafu mwenye mwavuli, na baba mmoja wa kofia pana aliyeleta watoto wanne na uchovu wa wanane.

"Karibuni nyumbani," nikasema.

"Asante, mwanangu," Shangazi akajibu. Akaitazama sakafu ya ukumbi, kisha akamgeukia bibi harusi. "Mbao hizi nimezing'arisha kwa magoti."

"Jamani! Kumbe bibi ulifanya kazi hapa?"

"Nilikuwa napiga pasi."

"Wee! Basi wewe ndiye wa kututembeza!"

Tabasamu alikuwa amejiunga nyuma ya kundi, mikono mgongoni. Alicheka na wageni, akanitolea jicho mimi.

Nikawatembeza. Sebuleni nikaeleza viti. Chumba cha kulia nikaeleza kioo kilichosafirishwa kutoka mbali bila kupata ufa. Maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, mimi nasikiliza mkongojo. Tok. Tok. Kila tulipohama chumba ulisogea, lakini haukusogea karibu na Shangazi.

"Dada, choo kiko wapi?" baba wa kofia akauliza. "Cha leo lakini, si cha kihistoria."

Watu wakacheka. Mimi nikajaribu, kikatoka kikohozi.

Kisha tukafika chini ya ngazi.

Korido ni nyembamba pale, watu wakabanana. Komeo lilikuwa limepakwa mafuta kwa ajili ya likizo, linang'aa. Shangazi akasimama mbali nalo, mgongo ukutani, mkoba kaukumbatia. Baba Mkubwa alipenya taratibu hadi akafika mbele yangu, akaegemeza mikono yote miwili kwenye mkongojo.

"Haya," akasema. "Hiki ndicho?"

"Ndicho."

"Tueleze."

Nyuma ya vichwa vyote Tabasamu aliinua kidole, akachora hewani umbo la kadi.

Nikainua kadi. Sitaficha, maana nachukia sana wanaojisimulia kama mashujaa tangu walipoota meno. Niliogopa. Nilifikiria vidonge, nikafikiria kodi ya chumba, nikasoma. "Chumba cha Mapumziko. Humu watumishi wa nyumba walipewa nafasi ya kupumzika, wakati mwingine hata siku mbili mfululizo..."

"Ahaa," Baba Mkubwa akasema.

Hakupaza sauti. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa anaitarajia, akageuka aondoke. Tok. Shangazi alifungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizima namna ile, na aliyeuzima nilikuwa mimi, kwa mdomo aliouwekea uji kwa kijiko.

"Baba Mkubwa, simama!" Sauti ilinitoka kali kuliko nilivyodhani. "Hayo nimesoma. Sasa nasimulia."

"Wapendwa wageni," Tabasamu akadakia, "tunaendelea na jikoni, tafadhali, jikoni kuna..."

"Kupumzishwa ni kufungiwa," nikasema. "Tazameni komeo liko upande gani. Mtu alikuwa anatiwa humu akiwa hai, bila maji, kwa kuunguza shati. Daftari liko pale kwenye kabati la kioo, si siri, ukurasa nitawaonyesha. Msichana wa pasi alitiwa humu Jumatano mpaka Ijumaa. Alhamisi yake mama yake alikuwa anazikwa."

Bibi harusi alishusha simu. Hakuna aliyemtazama Shangazi moja kwa moja, ila wote walisogea kidogo, wakamwachia nafasi.

"Umemaliza!" Tabasamu alisema, na kwa mara ya kwanza nikamwona amefunga mdomo kabisa. "Twendeni jikoni."

"Sisi hapa hatujamaliza," mwalimu mstaafu akasema, akachomeka ncha ya mwavuli sakafuni.

Baba Mkubwa alikuwa amesimama, bado ametupa mgongo. Kisha akageuka.

"Sawa. Tuseme alifungiwa. Tuseme." Alikuwa anaongea na mimi, lakini macho yalikuwa kwa dada yake, mara ya kwanza siku ile. "Mimi nilisimama pale uani. Kutoka hapa hazizidi hatua kumi na tano. Nilimwita mara tatu, na mimi sauti ninayo, wenzangu wananijua. Aliyefungiwa si ndiye angepiga kelele zaidi? Mtu mwenye pumzi angeitika."

"Niliitika," Shangazi akasema.

"Mwongo."

"Niliitika, kaka."

"Usiniite kaka. Mama alikuwa chini ya shuka unaniambia uliitika!"

"Basi ingia wewe." Shangazi aliitoa ile sentensi polepole, kama anatoa mwiba. "Ingia. Ufungiwe. Mtoto aende akuite pale uliposimama wewe. Ukikosa kusikia, au ukaitika naye akakusikia, nitatembea hadi kwenu nikiri mbele ya ukoo wote kwamba nililala."

"Hapana!" Tabasamu alijipenyeza, akaweka kiganja juu ya komeo. "Mlango huu haufungwi na wageni. Ni mali ya kale. Mzee akizimia humo nani atajibu?"

"Kwani si chumba cha mapumziko?" baba wa kofia akauliza, mpole kabisa. "Kadi yenu yenyewe imesema. Mzee wa watu katoka mbali, amechoka, mwache apumzike."

Mtu mmoja akacheka, akajikatiza katikati. Kiganja cha Tabasamu kikashuka.

Baba Mkubwa alimpa bwana harusi mkongojo amshikie. Akainama, akaingia kwa bega kwanza, mwili mkubwa ukijikunja kama nguo inayotiwa sandukuni. Humo ndani nikamsikia akigonga kichwa na kulaani.

"Shusha, Shangazi," nikasema.

"Mimi? Mimi siwezi kumfungia mtu."

Nikalishusha mimi. Lile komeo halina kelele kubwa. Linatoa mlio mfupi, kama mtu anayeng'ata kitu kigumu.

Nikapita jikoni, nikatoka uani. Mwalimu mstaafu alinifuata. "Shahidi mmoja wa nje," akasema, "isije ikawa maneno ya ndugu kwa ndugu." Uani pampu ya bustani ilikuwa inanguruma chini kwa chini. Siku ile ya Alhamisi, Shangazi aliniambia, kulikuwa na mashine ya kusaga mahindi ya kuku. Nikasimama palepale aliposimama Baba Mkubwa miaka ile, penye jiwe la kufulia mbele ya mlango wa jikoni. Nikavuta pumzi.

"Baba Mkubwa!"

Nikasikiliza. Pampu. Ndege juu ya bati.

"Baba Mkubwaa!"

Kitundu cha hewa nilikuwa nakiona, cheusi, juu ya kichwa changu. Hakikutoa kitu. Yule ni mtu wa miaka sabini na minane, ana pumu, na nimemfungia kwa mkono wangu.

"Baba Mkubwaaa!"

"Mimi sijasikia neno," mwalimu akasema. "Wewe je?"

"Hata mimi."

Nikarudi mbio. Nilipofika koridoni kila mtu alikuwa amekauka. Bibi harusi alikuwa na mkono mdomoni. Tabasamu alikuwa anatazama uwazi ulio chini ya mlango kana kwamba pale patatoka nyoka.

"Hajaitika," nikasema, nikihema. "Nimeita mara tatu."

"Ameitika!" bibi harusi akasema. "Mara zote tatu! Wote hapa tumemsikia. Sauti imetoka hapo chini ya mlango. Amesema naam, niko huku, amepiga na mlango. Wewe hukusikia?"

Nikaelewa, na waliokuwa pale wakaelewa, mmoja baada ya mwingine, nikaona likipita usoni mwao. Uani hasikii mtu. Koridoni wanasikia wote. Mpishi alisikia. Mwenye nyumba, kama alikuwa sebuleni na gazeti lake, alisikia. Na bibi yule alikuwa kapita koridoni hapa, dada anaitika miguuni pake, akaenda hadi mlango wa jikoni akamwambia kaka mtu: anapumzika.

Nikainua komeo.

Baba Mkubwa alitoka kinyumenyume, akiwa kwa magoti. Vumbi limemjaa kichwani, vifungo viwili vya koti vimekatika. Alikuwa anahema kwa mlio. Bwana harusi alimpa mkongojo, hakuupokea.

"Nimekusikia," akaniambia. "Kama uko ndani ya sikio langu. Nimeitika. Kwa nini umeita tena wakati nimeshaitika?"

"Sikukusikia, Baba Mkubwa."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Alimtazama mwalimu. Mwalimu akatikisa kichwa. Alitazama kitundu cha hewa kupitia ule mlango uliokuwa wazi, kisha akatazama mikono yake, ambayo ilikuwa imechubuka vifundoni kwa kupiga mbao.

"Ulisema nini?" aliuliza hatimaye. Hakumtazama dada yake. "Siku ile. Ulipoitika, ulisema nini?"

"Nilisema, kaka, nisubiri."

Shangazi aliupokea ule mkongojo kutoka kwa bwana harusi, akamwekea kaka yake mkononi, akamkunjia vidole kimoja kimoja mpaka vikaushika. Kisha akaniuliza choo kiko wapi akanawe uso. Baba wa kofia ndiye aliyemwelekeza, alikuwa ameshakipata.

Tabasamu alininyooshea kiganja. Nikavua beji, nikampa. Alinyoosha tena, akitaka na kadi. Hiyo nilimwambia aje aichukue mahakamani, au kwenye gazeti, popote atakapoanza kuiona, na siku hizi anajua kwamba sikuwa natishia. Kengele, kutoka mlangoni, akanong'ona "Safi!" kwa sauti iliyotetemesha vioo.

Kundi la saa tano lilikuwa limeshaingia ukumbini na hakukuwa na wa kulitembeza. Ikabidi Tabasamu alipokee mwenyewe. Aliwaleta hadi chini ya ngazi akakuta Baba Mkubwa amekaa kwenye kidato cha tatu cha ngazi, amejaa vumbi, mkongojo katikati ya magoti, ameziba njia yote.

"Mzee, samahani, hapo hapakaliwi," Tabasamu akasema, wageni wapya wakitazama. "Kundi lako limekwisha. Tafadhali inuka, tunapita."

"Piteni chini," Baba Mkubwa akasema. "Mimi namsubiri dada yangu."